Jioni za filamu fupi Sakina: watengenezaji safi, mbuzi wa kusubiri

Nianze na chakula nikimalize. Mbuzi choma wao ni mtamu, sina neno, ila ukiagiza saa moja jioni jiandae kumpata filamu ya pili imeshaisha. Mhudumu ni mmoja. Ndiye anayepokea kiingilio getini, ndiye anayeleta soda, na akipita mbele ya projekta kivuli chake kinawameza waigizaji wote. Chipsi zinatoka upesi, kachumbari ina pilipili ya kutosha, bei ni za kawaida za Arusha. Kama unatafuta pa kula, nenda kwingine. Pale watu wanafuata filamu.

Ni bustani ya baa moja maeneo ya Sakina, ukitoka mjini kuelekea Ngaramtoni, unashuka kwenye daladala na kuingia ndani kidogo. Jina silitaji, kwa sababu mwenye bustani ni mteja wangu. Mimi ni fundi cherehani, nilimshonea mashati na aproni za wahudumu sita, na mazungumzo kuhusu salio bado yanaendelea. Hao wahudumu wengine watano sijui wako wapi. Wasiopajua waulizeni vijana wa kamera pale mjini, watawaelekeza.

Utaratibu wenyewe: Ijumaa moja kila mwezi, kiingilio shilingi 5,000, soda haimo. Zinaonyeshwa filamu fupi tatu za watu wa Arusha na Moshi wanaojitegemea, yaani hawana kampuni nyuma yao wala kituo cha televisheni, wengi wao hawana hata kamera. Filamu ikiisha, aliyeitengeneza anakaa kwenye kigoda mbele ya watu, na mwendesha jioni, kijana mpole mwenye miwani na sauti ya mtangazaji wa redio, anamuuliza swali lile lile la kwanza: "Kabla ya kamera ulikuwa unakula kwa kazi gani?"

Swali hilo ndilo ninalolipia elfu tano yangu. Tumezoea mahojiano ya wasanii wetu wakiulizwa "changamoto ni zipi", na jibu tunalijua kabla hawajafungua mdomo: mtaji, vifaa, soko. Hapa mtu anaulizwa kazi. Akianza kueleza kazi yake ya zamani, unarudi kichwani kwenye filamu uliyotoka kuitazama na unaanza kuona vitu vilivyokupita. Mimi nalielewa hilo kwa kazi yangu. Fundi aliyeanzia sare za shule utamjua hata leo akishona gauni la bibi harusi: anapiga mshono mara mbili kila mahali, utadhani bibi harusi anakwenda kupanda miti. Kazi ya kwanza haimtoki mtu mkononi.

Usiku ninaoutaka kuuandika ulianza na kijana wa Machame. Alikuwa mpagazi wa Mlima Kilimanjaro kabla magoti hayajamgomea. Filamu yake ni ya dakika kumi na kitu, ameipiga kwa simu, na kamera imekaa usawa wa magoti toka mwanzo hadi mwisho. Unaona buti zilizofungwa kwa kamba ya manila. Unaona tope la ukanda wa msitu likipanda mpaka kwenye pindo la suruali (na suruali yenyewe ni ya suti, ya mtumba, pindo limefumuka upande mmoja, hilo hakuna aliyeliona ila mimi). Kisha tunafika penye mzani. Mwisho wa mzigo wa kampuni ni kilo 20, na mzani umepita kidogo. Mkono unaingia kwenye gunia, unatoa sufuria, mzigo unapimwa tena, unapita. Hatua chache mbele, mkono ule ule unairudisha sufuria, safari hii inaning'inia shingoni mwa mtu. Hatumwoni uso. Tunaisikia tu ile sufuria ikigonga kifua kila hatua, ngo, ngo, ngo, mpaka filamu inaisha.

Hakuna msimulizi. Hakuna kinanda cha huzuni. Na mlima wenyewe hauonekani! Bwana mmoja nyuma yangu, amevaa jaketi la kampuni ya utalii, akanyanyua mkono akauliza, filamu ya Kilimanjaro, Kibo iko wapi? Kijana akamjibu taratibu: "Kaka, ukiwa na mzigo kichwani mlima huuoni. Unaona visigino vya aliye mbele yako."

Bustani nzima ikacheka, halafu ikanyamaza.

Alipoulizwa anapenda nini hasa katika kazi hii, nilitegemea aseme picha. Alisema sauti. Alipokuwa mpagazi alikuwa halali vizuri kule juu, kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, kwa hiyo alikuwa anatoa simu chini ya blanketi na kurekodi: upepo ukipiga turubai, zipu za mahema ya wageni, watu wanaokohoa, mpishi anayewasha jiko la gesi saa tano usiku kwa ajili ya wanaoanza kupanda kileleni. Simu ikijaa anafuta picha, sauti hafuti. Ana mafaili ya miaka kadhaa. Ile sufuria, akasema, aliirekodi kwanza, filamu ikaja baadaye. Sasa hivi anaosha magari kwa mchana, na jioni anamsaidia jamaa mwenye studio ya muziki wa injili kusafisha sauti za kwaya. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini filamu ya simu ilikuwa na sauti nzuri kuliko tamthilia nyingi tunazoziona nyumbani, ambazo jogoo wa jirani ana mistari mingi kuliko mwigizaji mkuu.

Baada ya hapo mwendesha jioni alifanya jambo ambalo huwa namlaumu kwa kutolifanya. Kawaida ana dakika zake tano za kumzungumzia mtengenezaji mmoja mashuhuri, na karibu kila mara ni wa mbali. Simkatalii, mambo yake yana faida. Kwake ndipo nilipomsikia Kevin Smith, Mmarekani aliyekuwa anauza duka huko New Jersey, akashuti filamu yake ya kwanza usiku ndani ya duka hilo hilo baada ya kufunga. Hadithi inatokea mchana, nje ni giza, afanyeje? Akaandika kwenye hadithi kwamba mtu ameziba kufuli kwa jojo, shata haifunguki siku nzima. Filamu ikatoka mwaka 1994, bajeti dola 27,575. Muuza duka yeyote wa Mianzini angeliwaza hilo la kufuli, profesa wa filamu nina wasiwasi. Kwake vilevile nilimsikia Ousmane Sembène wa Senegali, mtoto wa mvuvi aliyezaliwa mwaka 1923, akawa kuli katika bandari ya Marseille, mgongo ukaumia, akageukia riwaya, kisha akaona kwamba watu aliokuwa akiwaandikia hawasomi Kifaransa. Akaenda Moscow kujifunza filamu akiwa mtu mzima, anakaribia miaka 40. Mwaka 1966 akatoa filamu kuhusu binti wa Dakar aliyepelekwa Ufaransa kufanya kazi za ndani. Mtu aliyebeba mizigo ya wengine hakukosea kumtambua mbeba mizigo mwingine.

Lakini usiku ule, baada ya mpagazi, alimtaja Mtanzania: Flora M'mbugu-Schelling, na filamu yake ya mwaka 1992 kuhusu wanawake wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa wakiponda kokoto kwa mikono Dar es Salaam. Akaeleza kwamba nayo haina msimulizi, ni nyundo na mawe na watoto mgongoni na nyimbo zao. Kijana wa Machame hakuwa ameisikia. Alitoa simu akaandika jina pale pale. Nilitamani tuonyeshwe hata dakika tatu zake, maana kuambiwa filamu bila kuiona ni sawa na kuonyeshwa kitambaa kupitia dirisha la duka lililofungwa. Mwendesha jioni, kama unasoma, hilo lifanyie kazi.

Filamu ya pili ni ya dada mmoja wa Majengo, Moshi, na ndiyo iliyonikaa. Huyu ni mpiga video wa harusi. Alianza kwa kumshikia kaka yake taa kwenye send-off na kitchen party, kaka akahamia Dar, kamera ikabaki kwake. Mpiga video wa harusi anajua kitu kimoja ambacho watu wa filamu hawakijui: mambo hayarudiwi. Mama wa bibi harusi halii mara ya pili kwa sababu wewe ulikuwa unabadilisha betri. Kwa hiyo macho yake yako tayari muda wote, hata pale ambapo hajalipwa kutazama.

Na hapo ndipo ilipotoka filamu yake. Kila harusi, wakati watu wanakula, yeye alikuwa anaingia jikoni nyuma ya ukumbi na kupiga dakika moja au mbili. Maharusi hawakuvihitaji vipande hivyo, hakuna anayelipia kumwona mpishi, lakini hakuvifuta. Amekaa navyo miaka, sasa ameviunga. Mama anageuza pilau kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Vijana wawili wanambeba ndafu, majani mdomoni, wanasimama mlangoni kusubiri MC awaite, na mmoja anamfuta mbuzi jasho la mafuta kwa leso yake mwenyewe. Mwanamke amelala ameegemea gunia la mkaa, huku spika za ukumbini zinatangaza kamati ya vinywaji ipite mbele.

Halafu kuna kile kipande. Mpishi mmoja, kumbe ni shangazi wa bwana harusi, anasikia ukoo unaitwa kutoa zawadi. Wenzake wote wameshona sare, satini ya rangi ya dhahabu. Yeye hana, sare ina bei. Anafungua aproni, anajifuta masizi mikononi kwa upande wa ndani wa aproni ili upande wa nje ubaki safi, anaazima mtandio wa dhahabu kwa binti anayeosha vyombo, anaufunga begani kwa pini moja, anaingia ukumbini anacheza. Kamera inabaki jikoni. Tunamwona kwa mbali kupitia mlango, kipande kidogo cha dhahabu kati ya dhahabu nyingi. Akirudi anavua mtandio, anaukunja mara nne, anaurudisha. Anavaa aproni.

Nimeshona hizo sare tangu ujana wangu. Nimewahi kumwambia mtu usoni kwamba bila nusu ya malipo sikati kitambaa, na bado nasema hivyo hivyo maana nina kodi ya fremu ya kulipa. Ila sikuwahi kumwona aliyebaki bila sare yuko wapi siku ya shughuli. Dada wa Majengo alimwona kwa sababu yuko kazini kama yeye, hajakaa mezani.

Mtu akamuuliza, hao wapishi walikubali kuonyeshwa? Swali zuri, na nilipenda kwamba hakukasirika. Alisema aliwafuata mmoja mmoja, wale aliowapata, akawaonyesha kwenye simu. Mmoja alikataa, akaondolewa. Shangazi wa mtandio alicheka, akaomba anakiliwe kwenye simu ya mwanawe. Na maharusi waliolipia video? Hapo alijikuna. Walionekana kwa mbali tu, akasema. Sijaridhika sana na jibu hilo, na nadhani naye hajaridhika. Siku hizi watu wanaandikiana mikataba, angeweza kuongeza mstari mmoja kwamba picha za jikoni ni zake.

Kasoro: mkono wa harusi bado anao. Mwishoni ameweka droni inayopaa juu ya ukumbi na taratibu kuuzunguka, kama video yoyote ya send-off unayoijua. Dakika kumi na tano ametuweka jikoni tunanusa mkaa, halafu anatupandisha angani bila sababu. Nilimwambia. Akasema droni ilikuwa ya kukodi na siku ilikuwa haijaisha. Nikamwelewa kabisa.

Ya tatu ilikuwa ya mwalimu wa sekondari, na nitapita haraka. Wanafunzi wake wameigiza vizuri kuliko alivyowaandikia. Kila mtu anaeleza anachokwenda kufanya, anakifanya, kisha anaeleza alichofanya. Alipotaja kazi yake hakuna aliyeshangaa. Na jambo moja la kifundi: binti mkuu anaingia darasani na sketi ya sare inayofika chini ya goti, anaketi, kamera inahamia upande wa pili, sketi imepanda juu ya goti na ina rinda pana zaidi. Ni sketi mbili, walishuti siku mbili tofauti. Watu wa kamera wanahangaika na lenzi, wanasahau kwamba nguo nayo inatunza kumbukumbu. Mkitaka kuona nguo zilizofikiriwa, tazameni filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ile ya Zanzibar ya miaka ya hamsini. Filamu ilifika mpaka tamasha la Toronto. Mimi niliitazama kwa ajili ya mikono ya magauni tu, na sikujuta. Mwalimu anapenda sana anachokifanya, hilo linaonekana, anatumia mshahara wake kununulia wanafunzi maandazi siku za kushuti. Ampate mtu wa kumkata maneno.

Sasa malalamiko. Skrini yao ni mashuka mawili yaliyoungwa, na mshono unapita katikati, kwa hiyo kila mwigizaji anayesimama ana mstari shingoni. Ni mshono wa kukunja kama wa gunia, umevimba, na taa ya projekta ikiupiga unatoa kivuli. Mashuka ya upana mkubwa yanauzwa mjini bila kuunga. Kama lazima waunge, waunge chini, miguu ya waigizaji haitalalamika. Spika nazo ni mbili, ya kushoto inakoroma. Sakafu ni nyasi, ukichelewa unapewa kiti cha plastiki chenye mguu mmoja unaozama. Jirani ana baa nyingine inayopiga singeli kuanzia saa tatu, na usiku ule umeme ulikatika katikati ya filamu ya mwalimu, wakawasha jenereta lililo karibu mno na watazamaji, tukamaliza tukisoma midomo. Kwa filamu ile haikuwa hasara kubwa. Kwa ile ya sufuria ingekuwa dhambi.

Kuna pia mzee mmoja huja karibu kila mwezi, shikamoo yake, ambaye kipindi cha maswali lazima asimulie wakati John Wayne alipokuja kupiga filamu ya Hatari! huku kwetu, ile iliyotoka mwaka 1962, waigizaji wakifukuzana na faru wa kweli kwenye magari. Yeye alikuwa mtoto, anakumbuka malori. Vijana wanaguna, mimi namsikiliza. Filamu nyingi za wageni zimepigwa Arusha na watu wa Arusha wakiwa madereva na wabeba vitu. Sasa wabeba vitu wamekaa kwenye kigoda wanaulizwa maswali, na mzee anawatazama kwa namna ambayo sijui kama ni furaha au wivu.

Ukiwa na filamu yako unataka ionyeshwe, huwa wanapokea kwa flashi, wanaiangalia kwanza, na wanauliza habari ya kibali. Msipuuze hilo, sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ipo tangu mwaka 1976, na siku ukiulizwa, kusema "ni filamu fupi tu" hakutakusaidia. Malipo kwa mtengenezaji ni sehemu ya kiingilio. Usiku ule dada wa Majengo alisema hisa yake itamrudisha Moshi kwa basi na kubakiza ya vocha.

Nyota ngapi? Kwa filamu na maswali nawapa nne. Kwa spika na shuka, moja na nusu. Nendeni na sweta, Sakina usiku ina baridi, na kaeni upande wa kulia mbali na spika inayokoroma. Mwezi ujao ametangazwa dereva wa bodaboda aliyeshuti kwa simu iliyofungwa kwenye usukani. Nitakwenda, ila nitakula nyumbani kwanza.